Wasemao Tusifukue Makaburi ya Gettysburg

Wako watu wasemao ya kwamba jambo likiisha kuandikwa katika kitabu cha historia halina budi kukaa kama lilivyo, na ye yote aligusaye tena ni mchokozi. Neno hili nalilisikia majuzi katika baraza ya waalimu, tulipokuwa tukizungumza habari za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vilivyoanza mwaka 1861 vikaisha 1865. Mwalimu mmoja, mtu msomaji sana na rafiki yangu, alisema kwa hasira kwamba wanahistoria wa siku hizi wameacha kazi yao, wamegeuka kuwa wafukua makaburi. Pigano la Gettysburg, akasema, limekwisha kujulikana tangu zamani, nani alishinda, nani alishindwa, na kwa kosa la nani. Basi watafuta nini huko? Wengi walitikisa vichwa kumkubali. Mimi nalinyamaza siku ile, maana kengele ilikuwa imelia na watoto wanatungoja. Lakini sikukubali, na leo nataka kumjibu mbele yenu, wasomaji, bila kumtaja jina.

Kwanza nilieleze pigano lenyewe, kwa ajili ya wasiolijua. Majimbo 11 ya Kusini yalijitenga na serikali ya Marekani, na sababu yao kubwa ilikuwa utumwa. Alexander Stephens, makamu wa rais wao, alinena waziwazi katika hotuba yake ya Machi 1861 ya kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya jiwe hilo, yaani kwamba mtu mweusi si sawa na mtu mweupe, na utumwa ndiyo hali impasayo. Nawaombeni mwikumbuke hotuba hiyo, maana baada ya kushindwa wengi wao walijifanya wameisahau. Basi katika Juni 1863 jemadari wao mkuu, Robert E. Lee, aliingia Pennsylvania, nchi ya Kaskazini isiyo na utumwa, pamoja na askari zaidi ya 70,000. Jeshi la Kaskazini, askari wapata 90,000, likamfuata chini ya George Meade, ambaye alikuwa amekabidhiwa amri siku tatu tu kabla ya kupigana. Wakakutana penye mji mdogo uitwao Gettysburg, wakapigana siku tatu, Julai 1, 2 na 3. Siku ya kwanza watu wa Kaskazini walisukumwa wakapita kati ya mji, hata wakashika vilima vya upande wa kusini. Siku ya pili Lee alishambulia ncha zote mbili za vilima vile, asiweze kuvunja. Siku ya tatu alipeleka watu kama 12,500 wavuke uwanja mtupu kuielekea mizinga, na karibu nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Kwa pande zote mbili hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea yafika kama 50,000. Lee akarudi kwao.

Hayo hapana ayakataaye, wala hapana mwanahistoria aliyekuja kusema Lee alishinda. Rafiki yangu apigana na kivuli. Ubishi ni juu ya lile neno lake la tatu, kosa la nani. Na juu ya jambo la nne ambalo yeye hakulitaja kabisa, kwa sababu vitabu alivyovisoma havikulitaja.

Tuanze na kosa. Kwa miaka karibu mia moja watoto wa shule katika majimbo ya Kusini walifundishwa ya kwamba Gettysburg ilipotezwa na mtu mmoja, jemadari James Longstreet, aliyekuwa mkubwa wa pili chini ya Lee. Hadithi ilikuwa hivi: Lee alimwamuru ashambulie jua linapochomoza siku ya pili, naye kwa ukaidi na uvivu akakawia hata saa kumi ya alasiri, adui wakapata nafasi ya kujikusanya. Ni hadithi nzuri, fupi, yenye mtu mmoja mbaya, na mwanafunzi hawezi kuisahau. Lakini tuulize kama mzee wa baraza aulizavyo akiletewa kesi: ni nani asemaye, na alianza kusema lini?

Hakusema Lee. Lee aliishi miaka saba baada ya pigano. Jioni ile ya siku ya tatu aliwaambia askari waliorudi wamevunjika ya kwamba kosa ni lake, na katika Agosti 1863 alimwandikia rais wake akitaka kujiuzulu. Katika taarifa zake za vita hakumshitaki Longstreet kwa kukaidi amri ya alfajiri. Lee akafa Oktoba 1870. Mtuhumiwa alikuwa hai, shahidi mkubwa amekwisha kuzikwa: hapo ndipo mashitaka yalipotokea. Januari 1872, siku ya ukumbusho wa kuzaliwa kwa Lee, jemadari Jubal Early alitoa hotuba akamtwika Longstreet mzigo wote. Januari 1873 William Pendleton, aliyekuwa mkubwa wa mizinga ya Lee na tena kasisi wa kanisa, akaongeza habari ya amri ya kushambulia jua linapochomoza. Longstreet aliwaandikia maafisa waliokuwa kando ya Lee usiku na mchana, watu ambao amri ilipita mikononi mwao: Walter Taylor, Charles Marshall, Charles Venable na A. L. Long. Wote wanne wakajibu kwamba amri ya namna hiyo hawaijui. Naye Longstreet akazichapa barua zao.

Zaidi ya hayo, fikirini wenyewe. Asubuhi na mapema siku ile Lee alikuwa amempeleka afisa wake, Samuel Johnston, akapeleleze mahali adui alipo upande ule. Mtu aliyekwisha kutoa amri ya kushambulia alfajiri hampeleki mpelelezi alfajiri hiyo hiyo kwenda kutafuta pa kushambulia. Amri yenyewe ya Lee ilitoka kama saa tano ya mchana, na Longstreet aliomba kungoja kikosi kimoja kilichokuwa bado njiani, kilichotembea tangu usiku na kufika karibu na adhuhuri. Kisha njia aliyooneshwa ilipita juu ya kilima ambapo adui wangewaona, ikambidi arudishe watu nyuma na kuzunguka. Ukijumlisha saa hizo, saa kumi si fumbo tena.

Sasa, mbona alichaguliwa yeye? Jibu halimo Gettysburg. Limo New Orleans. Vita vilipokwisha Longstreet alikaa katika mji ule, na mwaka 1867 aliandika magazetini ya kwamba Kusini wameshindwa, basi wakubali sheria ya washindi, na haki ya mtu mweusi ya kupiga kura iwe ndani yake. Akaingia katika chama cha Republican, chama cha Lincoln, akapewa kazi ya serikali na rais Grant. Mwezi wa Septemba 1874 aliongoza polisi na askari wa jimbo, wengi wao watu weusi, kupigana na watu wa White League waliotaka kuiangusha serikali ya Louisiana kwa bunduki. Alishindwa siku ile, akajeruhiwa na kutekwa na watu ambao baadhi yao walikuwa askari wa upande wake wa zamani. Kwao huyu alikuwa msaliti, na msaliti wa leo yafaa aonekane alikuwa msaliti tangu jana. Wala Early mwenyewe hakuwa mtu asiye na lake la kuficha, maana alikuwako Gettysburg, na siku ya kwanza alikuwa miongoni mwa wakubwa waliosimama chini ya kilima bila kukipanda wakati adui wamevunjika. Mwenye deni alikuwa wa kwanza kupiga kelele za mwizi.

Katika vijiji vyetu twamjua mtu wa namna hii. Husogeza jiwe la mpaka wa shamba wakati wa usiku, na yule jirani aliyejua mpaka ulipokuwa akiisha kufa, huanza kuhubiri amani: mambo ya zamani tuyaache, tusigombeze watoto. Je, anayeleta kamba kupima tena ndiye mgomvi?

Waliopima tena ni watu wa vyuo na wa nyaraka, wala si wachokozi. Glenn Tucker mwaka 1968, Thomas Connelly mwaka 1977, William Garrett Piston mwaka 1987, na majuzi Elizabeth Varon mwaka 2023, kila mmoja kwa njia yake, alirudi kwenye barua na taarifa za wakati ule, akazitenga na maneno yaliyotungwa baadaye. Wala hawakumfanya Longstreet malaika. Wengine wao wasema alikuwa na kinyongo siku ile kwa sababu shauri lake la kuzunguka ubavu lilikataliwa, na kwamba mchana huo hakufanya kazi kwa moyo wake wote. Tena alijiharibia mwenyewe kwa kumsema Lee vibaya magazetini, huku nchi nzima ya Kusini inamwabudu. Nami naongeza jambo zito kuliko hilo. Julai 1, 1863 ilitoka ofisini mwake barua kwa jemadari Pickett, imeandikwa na msaidizi wake Moxley Sorrel, ikiagiza kwamba watu weusi waliokamatwa waletwe pamoja na jeshi. Waliokamatwa! Ndiyo, na hapa nafika kwenye jambo la nne.

Jeshi la Lee lilipoingia Pennsylvania halikuchukua ng'ombe na ngano tu. Lilikamata watu. Katika Juni 1863 askari wapanda farasi wa jemadari Jenkins waliingia mji wa Chambersburg na vijiji vya kando, wakasaka watu weusi katika nyumba na mashamba ya ngano. Baadhi walikuwa watumwa waliotoroka. Wengi walikuwa huru tangu kuzaliwa, katika nchi ambayo utumwa ulikuwa umekomeshwa siku nyingi. Wanawake na watoto walifungwa, wakaswagwa kupelekwa Virginia kuuzwa. Wazungu wa miji ile waliyaona kwa macho yao, wakayaandika katika vitabu vyao vya kila siku, na vitabu hivyo vipo hata leo. Katika Greencastle wenyeji waliwarukia walinzi wa magari, wakawafungua mateka. Na mkubwa wa askari alipodai alipwe fedha kwa mali yake iliyopotea, walikataa. Waliochukuliwa wote ni mamia. Sisi ambao wazee wa wazee wetu walisimulia misafara ya minyororo iliyoshuka pwani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili ni nini. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa nauliza: hotuba ngapi za Early zilitaja jambo hili? Vitabu vingapi vya shule? Watu walibishana miaka mia juu ya saa aliyoondoka Longstreet, dakika kwa dakika, na katika kubishana huko hapana aliyeuliza kamba zile zilikuwa za nini. Na humo jeshini mwa Kusini walikuwamo maelfu ya watumwa, wapishi, waendesha magari, wahunzi, watunza farasi, wasiohesabiwa katika hesabu ya jeshi wala ya wafu.

Rafiki yangu alisema habari ya kufukua makaburi. Afadhali angechagua neno lingine, maana nitamwambia ni nani waliofukua makaburi ya Gettysburg. Maiti za askari wa Kaskazini zilikuwa zimezikwa ovyo ovyo mashambani, kina kifupi, mvua ikija zinaonekana. Ikaamriwa zifukuliwe na kuhamishiwa makaburi mapya ya taifa, yale ambayo rais Lincoln aliyafungua Novemba 19, 1863 kwa hotuba yake fupi ijulikanayo duniani pote. Kazi ya kufukua ilianza Oktoba, ikaisha Machi 1864, maiti 3,354. Walioishika majembe ni kundi la watu weusi wa mji ule, wakiongozwa na Basil Biggs, mkulima, ambaye alikimbia na jamaa yake kabla ya pigano kwa kuogopa kukamatwa, akarudi akakuta shamba alilokodi limekwisha kuharibiwa. Lincoln alipokuwa akisema, zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa bado. Watu wote wajua hotuba. Biggs wamjua wachache. Na askari weusi wa mji ule waliopigania Kaskazini baadaye, walipokufa, wengi wao walizikwa mahali pengine, makaburi ya watu weusi peke yao.

Tena liko jambo linalonichekesha, ingawa si la kuchekesha. Juu ya kilima ambapo mashambulio ya siku ya tatu yalivunjika kipo kichaka kidogo cha miti, na watu wamekiita mahali ambapo maji ya Kusini yalifika juu kuliko pote kabla ya kupwa. Mwaka 1892 pamejengwa ukumbusho. Baada ya vita miti ile ilikuwa mali ya nani? Ya Basil Biggs yule yule. Alikuwa ameanza kuikata, na John Bachelder, mwandishi wa habari za pigano lile, ndiye aliyemsihi aiache. Na mwendo wa dakika chache kutoka hapo ni shamba la Abraham Bryan, mtu mweusi huru, aliyenunua ekari 12 mwaka 1857. Mkono wa kushoto wa mashambulio yale uliishia kwenye ua wake. Bryan naye alikimbia na watoto. Aliporudi, nyumba imetobolewa na risasi, boma limevunjwa, mazao na miti ya matunda imeangamia. Aliiomba serikali fidia ya dola 1,028. Alipewa dola 15.

Basi wasomaji, uwanja ule ambao hadithi ya zamani ilisema ni mahali pa wazungu wawili ndugu waliogombana kishujaa, ulikuwa shamba la mtu mweusi. Sisemi watu weusi walipigana Gettysburg. Hapakuwa na kikosi chao pale, na anayesema kilikuwako awadanganya. Vikosi vyao vilijulikana wiki mbili baadaye, Julai 18, penye ngome ya Wagner. Nasema ya kwamba wao ndio waliokuwa na la kupoteza kuliko wote siku zile, na walifutwa kwa makusudi. Mwaka 1913, miaka 50 baada ya pigano, wazee wa vita zaidi ya 50,000 wa pande zote mbili walikusanyika huko kupeana mikono. Rais Wilson aliwahutubia Julai 4 juu ya udugu na ushujaa, asiutaje utumwa. David Blight, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aonesha kwamba upatanisho ule ulinunuliwa, na bei yake ililipwa na watu weusi, ambao wakati uo huo walikuwa wakinyang'anywa kura na kuuawa kwa kamba katika majimbo ya Kusini. Hadithi ya Early haikuwa hadithi ya zamani tu. Ilikuwa na kazi, nayo ilifanya kazi yake.

Namkubalia rafiki yangu jambo moja. Wako wachunguzi wapendao kugeuza kila kitu ili waonekane wapya. Mmoja husema Gettysburg haikuwa kitu, kwa kuwa Vicksburg ulianguka Julai 4, siku moja tu baadaye, na mto Mississippi ukawa wa Kaskazini. Kuna maana katika hilo, kwani vita viliendelea miezi 21 tena, na Gettysburg peke yake haikuvimaliza. Lakini Lee hakupata tena nguvu ya kuingia Kaskazini kwa namna ile, na hilo si dogo. Mwingine amesoma hadithi ya kubuni au ametazama filamu ya mwaka 1993, akadhani vita vyote viliokolewa na Chamberlain na watu wake wa Maine juu ya kilima kimoja. Kumbe upande wa pili mzee George Greene, mwenye miaka 62, alishika kilima cha Culp usiku ule na kikosi kimoja tu dhidi ya wengi, na habari zake hazikuingia katika filamu. Hao nao wapimwe kwa kamba ile ile.

Longstreet alikufa Januari 1904. Lee alijengewa ukumbusho mrefu pale uwanjani mwaka 1917. Sanamu ya Longstreet iliwekwa mwaka 1998 tu, miaka 135 baada ya pigano, imesimama chini miongoni mwa miti bila nguzo. Ikiwa rafiki yangu bado aona kwamba waliomweka pale wamekosa, simwombi anyamaze kama mimi nilivyonyamaza barazani. Namwomba kitu kimoja: alete karatasi iliyoandikwa Julai 1863, au wakati wo wote Lee alipokuwa hai, yenye amri ile ya jua kuchomoza. Nitaisoma mimi mwenyewe mbele ya waalimu wote, kabla kengele haijalia.